Mkono Mmoja Mpaka Mwisho

Busia, upande wa Kenya

Kaka Egesa,

Habari za Tororo? Huku mvua imenyesha, barabara ya malori ni matope. Bado nawapima mbio wasichana wa timu.

Umeniuliza kwa nini uliponipigia simu kuniambia kwamba mama ametutoka nilijibu "sawa" tu, kisha nikafika kwake Bulumbi jioni.

Siku hiyo kocha Patroba alikuwa anachagua kikosi. Kwake, anayeshika saa ni mmoja mpaka mwisho. "Taaka, kila kidole kina kuchelewa kwake," husema. "Kikiwa kile kile, hakuna anayeonewa." Ningempa mtu mwingine saa, waliokwisha kukimbia wangerudia wote, nao walikuwa hoi. Basi nikabaki kwenye mstari. Mguu ukiinuka, nabonyeza. Kifua kikipita, nabonyeza. Walikuwa wamebaki wengi.

Baadaye kocha alilinganisha sekunde za mbio za kwanza na za pili za kila msichana. Zilikaribiana mno. Akasema sijawahi kupima vizuri namna ile. Nikamshukuru, nikatafuta boda ya kunivusha mpaka.

Pale kaburini wifi alinitazama sana, akayashangaa macho yangu makavu. Mwambie sijakataa kulia. Nimechelewa tu.

Jana nilipita sokoni nikanunua omena, nikachagua wale dagaa wadogo anaowapenda mama, nikaomba wafungwe vizuri wasipondeke njiani kwenda Bulumbi. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika stendi. Nikarudi nyumbani, nikawapika, nikala.

Nisalimie watoto.

Dada yako,
Taaka