Mwavuli, Mama Yupo

Mwaka umetimia, Dada, tangu tulipokuaga. Kwa siku kama hii watu hukaa wakalia upya. Sisi tumelia, hatukatai, lakini tangu asubuhi nyumba nzima inashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, na gunia lenyewe unalijua, maana ni wewe uliyetutwika. Basi tunaanza na habari uliyokuwa ukiisubiri. Mama yupo. Anakula, anagomba, na jana alimrudisha fundi rangi apake upya ukuta mzima, kisa doa moja nyuma ya kabati.

Kwa wanaosoma hapa na hawakukujua: ulikuwa mlinzi wa mpira wa pete, herufi GK kifuani, ukaivaa jezi ya taifa miaka mingi. Kazi ya mlinzi haina picha gazetini. Anayefunga ndiye anayebebwa juu. Aliyezuia huonekana kiwiko tu, pembeni. Hukujali. Ulikuwa ukisema, “Mimi kazi yangu ni kuwaharibia watu siku yao, kisha nirudi nyumbani nikalale.”

Jina la Mwavuli hatukukupa sisi. Ulipewa na mfungaji wa nchi jirani, binti mrefu kama wewe, aliyewalalamikia waandishi baada ya mechi kwamba kila alipoinua macho kuitafuta pete aliona kivuli. “Nimecheza chini ya mwavuli,” alisema, na jina likaganda. Sheria inamtaka mlinzi akae futi tatu kutoka kwa anayefunga, asimguse. Wewe ulisimama kwenye futi tatu zako, ukainua mikono, ukainama mbele kwa ncha za vidole vya miguu, ukakaa hivyo mpaka sisi tuliokaa kwenye viti tukaumwa misuli.

Na hukumtazama mtu usoni. Ulimtazama kiunoni. Ulisema macho hudanganya na mikono hudanganya, lakini kiuno huenda kule mwenyewe anakotaka kwenda. Mumeo anasema ndiyo maana katika ndoa yenu hakufanikiwa hata mara moja kuuponyoka mlango wa jikoni vyombo vikiwa vichafu.

Siku zisizo za mechi ulikuwa chumba cha nguo cha hospitali, kati ya mashine za kufulia na meza ndefu ya kupigia pasi. Shuka ambalo wenzako walilikunja wawili wawili, huyu akishika huku na yule kule, wewe ulilikunja peke yako, kwa mikono ile ile. Wagonjwa hawakujua kwamba aliyewatandikia alikuwa ametoka uwanja wa ndege asubuhi hiyo, magoti yamevimba. Hukuwaambia, ukaendelea na shuka la pili.

Sasa tuje kwa Mama. Waliokuwepo kwenye mechi yako ya kwanza ya kimataifa hapa nyumbani hawajaisahau. Mfungaji wa wageni alitua vibaya, kiwiko kikakupata puani, ukaenda chini, damu ikatapakaa. Kabla daktari wa timu hajafungua mkoba wake, Mama alikuwa ameshaingia uwanjani, viatu mkononi, anamwuliza yule binti kama kwao hawana wazazi. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mama akamwambia, “Wewe puliza tu, mwanangu, mimi sichezi.” Nahodha wa wageni akataka kujua huyu ni nani. Ukainua mkono kutoka pale chini, kama mwanafunzi darasani: “Ni wangu.”

Jioni ulimwomba kwa heshima zote asije tena uwanjani. Akasema sawa. Hakugomba, na kwa Mama hilo peke yake lilipaswa kututia shaka. Tangu hapo hatukumwona tena kwenye mechi. Ulipompigia simu baadaye hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza kama u mzima, akakata.

Ulipolazwa hospitali ile ile, kwenye mashuka ya chumba chako cha nguo, hukuonyesha kuogopa kwa ajili yako. Uliogopa kwa ajili yake. Sote tumekulia na usemi wake kwamba kwao mama hamziki mtoto akauona mwaka. Bibi alimzika mjomba, akamfuata kabla kaburi halijajengewa. Mama wa bibi naye, vivyo hivyo. Ukanishika mkono, mimi mdogo wako, ukasema: “Mimi nimeshapigiwa filimbi, msinililie sana. Mshikeni Mama, asinifuate.” Ukapumzika kidogo, kisha ukaongeza jambo ambalo nadhani lilikuuma kuliko ugonjwa: “Na hajawahi kuniona nikicheza vizuri. Aliona damu tu.”

Tulikuzika, na Mama akageukia ukutani. Dada, tusikufiche, ilikuwa mbaya. Vidonge vyake vya presha vilikaa kwenye kisahani hadi vikashika vumbi. Chai ilipoa, ikabadilishwa, ikapoa tena. Daktari alimpima akatuambia mwilini haoni jipya, ila mgonjwa mwenyewe amekataa. Shangazi akajaribu kwa upole, mumeo kwa machozi, mimi kwa ukali. Sote tuligonga mwamba. Nikawa naamka asubuhi nasikiliza kwanza mlangoni kwake kama kuna mtu anakohoa, ndipo nipate nguvu ya kunawa uso.

Ndipo akaja Kiroboto, mlinzi mwenzako, yule mfupi mwenye miguu ya springi, siku hizi fundi bomba mwenye gari lake. Ninyi wawili mlikuwa na utaratibu wenu: mmoja akipitwa, mwingine haulizi imekuwaje, anaziba. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana, tukamwuliza nani amemwita, bomba halivuji. Akasema, “Mwenzangu ametoka. Nimekuja kuziba.”

Hakumbembeleza Mama hata kidogo. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, bakuli la supu mapajani, akaanza kunisimulia mimi, kwa sauti ya mtu aliye ng’ambo ya barabara, ile fainali mliyokuwa sawa kwa mabao na wageni wana mpira.

“Basi mimi niko mbele, nimembana mtu wangu. Mwavuli yuko nyuma. Akaruka, akaudaka kwa mkono wa kulia...”

“Kushoto,” blanketi likasema.

Tukatazamana.

“Mama?”

“Kushoto. Wa kulia ulikuwa na bendeji, vidole viwili vimefungwa pamoja. Na wewe hukuwa mbele, acha kujitapa. Ulikuwa umeshapitwa, umekaa chini kama mzigo uliosahauliwa stendi.”

“He! Mama, hayo umeyajuaje? Si ulikuwa nyumbani?”

Kitanda kikalia. Mama akageuka, akatutazama kwa hasira ya mtu aliyekamatwa. “Nilikaa kwa wageni,” akasema.

Mechi zote za nyumbani, Dada. Zote. Siku hizo alikuwa akituaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake mgonjwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni rafiki gani huyu anayeugua kwa kufuata ratiba ya timu ya taifa. Alijitanda mtandio hadi machoni, akajipenyeza katikati ya mashabiki wa upande wa pili, ili usimwone ukakosa utulivu. Na ili wasimshuku, akawashangilia. “Wakifunga napiga makofi,” alitueleza. “Roho inaniuma, lakini napiga. Siku nyingine wakanipa na kibendera. Ningefanyaje? Nikapeperusha.”

Kiroboto alicheka hadi supu ikamwagikia gauni. Mama akamkemea: “Sasa unamwaga chakula cha watu. Lete hapa.” Akakinywa kile kilichobaki, chote, huku akimweleza mtaalamu wa ulinzi makosa yake ya kusimama. Mimi nilitoka nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Kwa hiyo jua hivi, ulipo: alikuona ukicheza vizuri. Alikuona miaka yote. Anakumbuka hata siku ulizosahau wewe.

Mpaka leo Kiroboto hajasema kama siku ile alikosea makusudi. Tukimwuliza anatuambia koki ya bafuni inataka kubadilishwa. Lakini kila akija hukosea tena, na Mama humsahihisha, na mtu hawezi kusahihisha wenzake njaa ikimwuma, kwa hiyo hula. Vidonge navyo humeza, ila kwa masharti: mpaka Kiroboto akiri mbele yetu kwamba alipitwa.

Haikuwa mteremko. Siku yako ya kuzaliwa ilimrudisha ukutani, tukadhani tumeyapoteza yote. Na wiki hii tumekuwa tukimchungulia kama watu wanaochungulia maziwa jikoni. Hakuna aliyethubutu kutaja mwaka. Leo tulipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu, tukatoka mbio bila viatu. Tulimkuta uani, amejifunga khanga kiunoni, anamfokea Kiroboto kwa kuegesha gari juu ya maua. Nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza: Mama, na ule usemi wa kwenu? Akanitazama kama ndiyo kwanza anausikia. “Mama yangu, masikini,” akasema, “hakuwa na mtu wa kugombana naye.”

Tumepona, Dada. Tunakuambia wazi kwamba mwaka huu hofu ilikula nafasi ya majonzi. Tulikuwa na kazi moja, kumlinda Mama, na ukifanya kazi ya ulinzi huna muda wa kutazama pembeni. Sasa ndiyo tunakutazama wewe. Ndiyo tunasikia jinsi mlango wa jikoni ulivyo mpana bila mtu aliyesimama pale. Ni uchungu, lakini ni uchungu wenye pumzi ndani yake, na tunaupokea.

Unakumbukwa na mumeo, na binti yako, aliyerithi vidole vyako akavipeleka saluni, na mimi mdogo wako, na shangazi, na Kiroboto, ambaye sasa ni wa nyumba hii apende asipende, na wenzako wa chumba cha nguo, na wasichana uliowafundisha kuinua mikono wasiishushe.

Na Mama. Tulimwuliza tumwandikie nini hapa. Akafikiri, akarekebisha khanga yake, akasema, “Mwambieni nitachelewa.”

Nasi muda wote huo, na baada yake, tutakukumbuka.