Mwiko wa Rais

Mdogo wangu Zawadi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi huku Lanham, Marekani, ni mzima, ila baridi inanilaza na soksi. Jana mwanangu alinipeleka ukumbi wa kanisa, kwenye chakula cha Watanzania na Wakenya. Mara MC akatangaza, "Rais ameshafika!" Nikasimama, nikakaza kanga, nikatega masikio nisikie ving'ora. Akaingia mzee mmoja, kashika mwavuli wake mwenyewe.

"Keti tu, mama," akaniambia muuguzi wa Kikenya niliyekaa naye. "Huyu si rais wa nchi. Ni rais wa Seneti, baraza la bunge la jimbo hili. Kwetu tunamwita spika."

Basi rais akapanga foleni ya pilau nyuma yangu! Kunisalimia, sauti nyembamba kama ya mbu. Nami unanijua, sikujizuia. Nikamwambia yule muuguzi amuulize, kwa sauti hiyo maseneta anawanyamazishaje? Mzee akacheka, akachukua mwiko wa pilau, akagonga meza mara moja. Ukumbi mzima kimya, hata watoto.

Sasa wale wanaume wanaosema huuwezi uenyekiti wa soko, eti sauti yako haifiki hata meza ya pili, wasikubabaishe. Mwiko nimeuomba kwa wapishi, nimepewa, umo kwenye begi langu. Nisalimie watoto, halafu kachukue fomu.

Dada yako akupendaye,
Rehema