Jina la Kapteni Olazarán

Jumatatu, 24 Februari 2003

Fundi wa Morelia amepiga simu tena. Ubao wa nembo ya ukoo uko tayari, simba kachorwa, mnara umechorwa, rangi ya dhahabu imekauka. Kinachokosekana ni majina! Anasema sherehe ya baba kutimiza miaka tisini ni tarehe 22 Machi, na yeye hapendi kazi ya kukimbizana. Nimemwambia avumilie kidogo. Miaka thelathini ya ualimu nimewachapa watoto kwa maneno wakichelewesha kazi, leo mchelewaji ni mimi.

Shida ni mtu mmoja tu. Juu kabisa ninaye Kapteni Martín de Olazarán, aliyetoka Hispania akawa na kinu cha sukari huku bondeni. Chini ninaye Antonio, aliyebatizwa mwaka 1768, na kutoka kwake mpaka baba hakuna pengo. Antonio ni mtoto wa Juan José Olazarán. Lakini Juan José naye ni mtoto wa nani? Wa Kapteni, bila shaka—ila sina karatasi. Nimepekua ubatizo wote wa Wahispania, 1700 mpaka 1750. Miaka miwili ya vumbi na chafya. Hayumo.

Nilipotoka kwenye simu Eduviges alikuwa anamnyoa baba. Akaniambia, dada, mtu akikataa kuonekana miaka mia tatu, mwache apumzike. Baba akacheka, povu likamwingia mdomoni. Eduviges hakucheka naye. Mdogo wangu anamwogesha, anamlisha, anamkata kucha, lakini kucheka naye hapana. Tangu 1971.

Sababu naijua. Ninaijua kuliko yeye.

Jumatano, 5 Machi 2003

Jumatano ya Majivu. Baada ya misa nilipitia ofisi ya parokia. Casimira, karani, alikuwa anakula tortilla yake kavu ya mfungo, chapati ya mahindi bila kitoweo, majivu kwenye paji la uso kama mtoto aliyecheza jikoni.

"Mwalimu," akasema, "mbona hujawahi kuomba kile kitabu kingine?"

"Kitabu gani?"

"Cha wengine. Enzi hizo padri alikuwa na cha Wahispania na cha wasio Wahispania. Machotara, watumwa, watu weusi, wote humo."

Nikamwambia sisi hatumo humo. Nilisema haraka, tena kwa sauti ya darasani.

Akanitazama juu ya miwani. "Basi kama hamumo, utafungua, hutaona kitu, utafunga. Kwani kitabu kinauma?"

Nimetoka bila kuaga. Jeuri ya karani! Nimetembea mpaka sokoni nikiwa nabishana naye peke yangu, na muuza maboga amenisikia. Aibu.

Alhamisi, 6 Machi 2003

Sikwenda.

Ijumaa, 7 Machi 2003

Nimekwenda.

Casimira hakusema neno, ameniletea kitabu na kitambaa cha kufutia vumbi. Nimekaa saa mbili. Nilijiambia nikifika 1740 naondoka, na moyo wangu safi. Sikufika 1740.

Nayanakili hapa maneno yenyewe ili nisije nikajidanganya kesho:

"Mwaka 1731, mwezi Mei. Nimembatiza Juan Joseph, chotara, mtumwa, mtoto wa María, mtumwa mweusi wa taifa la Angola, wa nyumba ya Kapteni Don Martín de Olazarán. Baba hajulikani."

Joseph ni José kwa maandishi ya zamani. Pembeni, kwa mkono mwingine: ameachwa huru kwa wosia wa bwana wake, 1739.

Casimira alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanionyesha na kitabu cha maziko, kana kwamba alikuwa amekiandaa tangu Jumatano. Kapteni alizikwa 1739. Imeandikwa hakuacha mtoto wa ndoa.

Kwa hiyo jina ni la mwenye nyumba. Tulipewa kama ng'ombe anavyopewa alama. Labda Kapteni ndiye yule "baba hajulikani," labda siye—hakuna atakayejua, na sijui lipi ni baya zaidi.

Nikamuuliza Casimira, sasa ilikuwaje Antonio, mjukuu wa María, akaandikwa Mhispania? Akacheka. Akasema padri wa siku hizo hakuwa na mashine ya kupima damu. Alitazama uso, akatazama viatu, akauliza majirani. Juan José alipata viatu, akaoa mwanamke mweupe kidogo, akahamia upande wa kanisa. Mtoto akaingia kitabu cha kwanza. "Si ninyi peke yenu, mwalimu. Nusu ya mji huu imepita mlango huo. Ila wewe ndiye uliyekuwa ukisimama mlangoni kukagua wengine."

Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mwenyeji wa hapa, atakuwa anajua ya 1971. Nani asiyejua? Wanajua nusu.

Amenipigia fotokopi. Nimeikunja mara nne, nimeiweka ndani ya kitabu cha sala.

Jumapili, 9 Machi 2003

Misa sikuisikia. Nafsi inanisuta. Basi niandike yote, mara moja, nisizunguke.

Aprili 1971. Mama alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Eduviges ana miaka ishirini na miwili, anampenda Fidencio Mariche, dereva wa lori la nazi kutoka pwani ya kusini. Mtu mweusi. Mpole, mcheshi, meno yote nje. Wazazi wake walisafiri kwa basi siku mbili kuja kuposa kama inavyotakiwa: kikapu cha mkate mtamu, chokoleti na mshumaa. Nyumba ikikubali, mkate unakatwa papo hapo na kugawiwa. Nyumba ikikataa, kikapu kinarudishwa hakijaguswa.

Eduviges alikuwa kwa shangazi, maana msichana hakai ndani akiposwa. Kwa hiyo hakuona. Kila anachokijua ni alichoambiwa.

Baba alikuwa ameshashika kisu! Kisu cha mkate, mkononi. Mkono mwingine juu ya mkate. Lakini akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kiti cha mama. Akauliza, wewe wasemaje, Otilia?

Nikasema lila na fila havitangamani. Nikasema jina la Olazarán halijawahi kuchanganywa tangu Kapteni, na mama angegeuka kaburini. Mbele ya wale wazee, nikiwa nimenyoosha mgongo. Baba akaweka kisu mezani.

Kikapu nilikirudisha mimi mwenyewe, mpaka kituo cha basi. Mama yake Fidencio alikipokea akaniambia, "Mkate haukuwa na kosa, binti."

Jioni baba alimwambia Eduviges, nimekataa. Nimekataa, mimi baba yako. Hakunitaja. Nami nilikuwa hapo, nikichambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

Fidencio alioa kwao mwaka uliofuata. Eduviges hakuolewa. Aliyebaki akilaumiwa ni mzee, mwaka hadi mwaka, kila kijiko cha uji anachopewa bila neno. Na mzee hajawahi kujitetea.

Na liko la ndani zaidi, ambalo sijamwambia hata padri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi hakuna aliyewahi kuniletea kikapu. Nilipouona ule mkate, nilitamani ugeuke jiwe. Kapteni nilimtaja tu nipate wa kumsingizia.

Jumatano, 12 Machi 2003

Nimeungama. Padri wetu ni kijana wa Uruapan, anaungamisha kama anayesubiri basi. Lakini leo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Mungu ameshanisamehe, hilo nisihangaike nalo. "Lakini dada yako hajaulizwa."

Nikamwambia baba ana miaka tisini, Eduviges ana presha, sherehe ni wiki ijayo, wageni wanatoka Guadalajara. Akasema hizo zote ni sababu nzuri sana za kusema leo.

Kitubio: rozari moja na ukweli. Rozari nimesali.

Alhamisi, 13 Machi 2003

Nilipiga moyo konde. Nilimkuta Eduviges uani anaanika shuka za baba. Nikasema, Vige, nina jambo. Akasema kama ni la mchuzi wa mole, ameshaamua, bata mzinga watatu, nisimwongeze wa nne. Nikasema ndiyo, ni hilo.

Bata mzinga!

Jumatatu, 17 Machi 2003

Fundi amepiga. Leo au basi, anasema.

Nimempa majina. Baada ya Kapteni nimesema aandike "Juan José, mwana wa Kapteni." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Akaniuliza na mke wa Kapteni jina lake nani, kuna nafasi pembeni. Nikamwambia aweke pambo la majani hapo.

María wa Angola nimemfunika kwa majani. Dhambi juu ya dhambi, na hii hata haina wivu wa ujana wa kuitetea. Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa nawaambia watoto. Yangu ina miaka thelathini na miwili na bado inaendelea.

Jana baba alinishika mkono akaniuliza kama nimempata yule aliyepotea. Nikamwambia nimempata. Akasema, "Vizuri. Aje mezani." Anapenda watu, mzee huyu. Angekula ule mkate na kuwasimulia wazazi wa Fidencio hadithi mpaka basi liwaache.

Ijumaa, 21 Machi 2003

Saa kumi alasiri. Nitaandika kama yalivyokwenda.

Ubao uliletwa saa sita, kwa gari dogo la fundi. Mzuri, laana tupu. Tukauegemeza ukutani jikoni. Eduviges alikuwa anaosha maganda ya mahindi ya kufungia tamale, mikate ya unga wa mahindi ya sherehe ya kesho. Akafuta mikono, akasoma kutoka juu kwa kidole.

"Kumbe ulimpata! Mwana wa Kapteni. Basi hongera, dada, miaka miwili si mchezo."

Ile hongera ndiyo iliyonimaliza. Nikaenda chumbani, nikatoa fotokopi, nikamwekea mkononi. Nikasema huu ubao ni uongo wangu, ukweli ni huu.

Alisoma amesimama. Akasoma tena. Nilidhani atalia, kumbe kicheko! Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mahindi. "María wa Angola! Dada! Sisi! Na pua zetu zote zile juu!" Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikafikiri imekwisha, nitasema lililobaki hapo hapo, kicheko kingali cha moto. Nikafungua kinywa.

Lakini kicheko chake kilikatika ghafla. Akainuka na ile karatasi, akaenda barazani kwa baba. Nikamfuata na bakuli la maganda mkononi, sijui kwa nini nililibeba.

Ilibidi apige kelele, baba hasikii vizuri. "Wewe mzee! Ulimfukuza Fidencio kwa sababu ya weusi wake! Soma! Soma bibi yako alikuwa nani!"

Baba akachukua kioo chake cha kusomea. Alichukua muda mrefu, akifuata mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akaweka kioo chini akanitazama. Mimi, si Eduviges. Alinitazama mlangoni pale kwa utulivu, akasubiri. Alinipa nafasi, naapa. Alisubiri kama nilivyokuwa nikiwasubiri watoto wanaojua jibu.

Sikusema. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bakuli mpaka miguuni kwangu.

Basi baba akamgeukia Eduviges, akamshika mkono.

"Nilikosa, mwanangu," akasema. "Wale watu walikuwa wema na yule kijana alikuwa mwema. Nisamehe."

Eduviges akapiga magoti, mtu wa miaka hamsini na minne na magoti yake mabovu, akaweka kichwa mapajani kwa mzee akalia kwa sauti. Baba akawa anampapasa nywele. Hakunitazama tena.

Nimeweka bakuli chini, nimekimbilia huku juu.

Anaomba msamaha kwa dhambi yangu! Ana miaka tisini! Na Eduviges anamsamehe—anamsamehe mtu asiye na kosa, na amefurahi, nasikia kutoka hapa anafurahi, wanaongea huko chini, sasa hivi amecheka na baba amecheka. Miaka yote hiyo nilitaka kusikia sauti hizo mbili pamoja. Nikishuka kusema, ninazikata. Nisiposhuka, mzee atazikwa na jina langu limeandikwa juu ya kosa lake, hapana, kosa langu juu ya jina lake, hata kuandika siwezi.

Saa kumi na nusu.

Eduviges amegonga. Hakuingia. Sauti laini ambayo siijui. Anasema baba ametaka wote watatu tule pamoja barazani, na fundi arudishe ubao, aondoe yale majani aandike María. Anasema, dada, asante kwa kunionyesha, mwingine angeificha. Akauliza mbona nimejifungia, una homa?

Nimesema ndiyo, homa.

Akasema nisitoke basi, ananiletea chai ya mdalasini. Namsikia anapanda ngazi sasa, polepole, anasimama kila hatua kwa ajili ya magoti. Mlango nimeufungua. Daftari hili sijalifunga, nimeligeuza lielekee kiti atakachokalia, na bado naandika, kichwa chini, na sijui nikimwona kama nitaliacha hapa alisome, au nitalifu—