Konyeza wa Gizani

Bwenini, Iringa
Jumapili, 10 Agosti

Baba mpendwa,

Mwadila baba, kwa salamu ya kwetu. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, mama na wadogo zangu, na kwamba mguu wa mama umepungua kuvimba. Mimi sijambo. Baridi ya huku inatufanya tuoge huku tukipiga kelele, lakini chakula nakula na masomo nayapenda.

Ninaandika kwa sababu Jumatano, uliponipigia kwenye simu ya Matroni Severina, nilishindwa kusema. Uliniuliza kama ni kweli nafundisha wenzangu kukonyeza wanaume. Sauti ikanikwama. Ukasema anayenyamaza ana kosa, na kwamba hata nikichaguliwa kwenda maonesho ya kanda Mbeya, fomu ya ruhusa hutaisaini. Baba, unanijua. Hata darasani, nikijua jibu humnong'oneza jirani alitaje yeye. Acha nikueleze kwa kalamu.

Jirani yetu Mzee Nashoni alipoleta mchele wa shule kutoka Chimala, alisoma tangazo langu kwenye mlango wa maabara: "Mbuke Nkuba, Kidato cha Tatu. Jinsi ya Kumtazama Konyeza Gizani Bila Kumshtua." Ndiyo hayo aliyokueleza. Lakini konyeza huyu, baba, ni mnyama wa baharini. Ni watu wa pwani wanaomwita hivyo. Sisi wa bara tunajua kukonyeza kwa jicho tu. Ana umbo la mwavuli, hana mfupa wala ubongo, na mwili wake ni kama ute wa bamia ulioganda.

Wapo wanaoishi chini sana, ambako jua halifiki kabisa. Zamani wanasayansi waliwavua kwa nyavu, lakini wakifika juu walikuwa vipande vipande. Siku hizi wanashusha mtambo wenye kamera kwa waya mrefu, na mtu anauongoza akiwa melini, macho kwenye skrini. Taa nyeupe hushtua viumbe wengi wa kule, kwa hiyo mara nyingine hutumia nyekundu, rangi ambayo wengi wao hawaioni. Wanatazama bila kugusa. Nilipoyasoma hayo katika kitabu cha Mwalimu Ombeni wa baiolojia, nilifurahi hadi nikasahau kwenda kula, maana mimi nami napenda kutazama watu wasipojua kwamba natazama.

Maonesho ya shule yalikuwa jana. Tuliziba madirisha ya maabara kwa mablanketi. Nilijaza pipa maji, nikaning'iniza humo konyeza niliowakata kwenye nailoni ya kufunikia madaftari. Simu ya Mwalimu Ombeni nikaifungia ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana pamoja na tochi iliyovishwa karatasi nyekundu ya peremende, nikaishusha kwa kamba, kisha nikaipandisha ili watu watazame video. Pembeni kulikuwa na konyeza wa uji wa mchele, mzito, ulioganda, ndani ya beseni la maji. Kila mgeni alipewa wavu amtoe akiwa mzima.

Mara akaingia Mzee Nashoni, akitangaza kwamba amekuja kuuona huo upuuzi kwa macho yake ili akuletee ushahidi. Nikampa wavu. Konyeza akamkatikia vipande vitatu. Akasema mnyama huyu ni mkaidi kuliko ndama, akaomba mwingine. Alipoona video akaanza kuniuliza: wanakula nini, wanazaaje, kwa nini wengine wanawaka. Nikamjibu yote. Akatoka, akapanga foleni tena. Baba, nilizungumza kuanzia saa tatu hadi saa nane, watu zaidi ya themanini, na sauti haikukwama hata mara moja, kwa sababu kwenye lile giza hakuna aliyeniona. Nimechaguliwa kwenda Mbeya.

Sasa naja kwenye jambo gumu. Mwalimu Ombeni alikuwa ameniambia niandike jina jingine la mnyama huyo, "kiwavi wa baharini", akionya kwamba hilo neno lingine litaleta maneno. Nikaitikia. Alipoondoka nikaandika konyeza, tena kwa wino mwekundu. Nilijua watu watafikiria nini. Mwaka jana nilisimama kando ya mradi wangu wa udongo asubuhi nzima, wakaja watu wawili, na mmoja alikuwa anatafuta choo. Kwa hiyo Mzee Nashoni hakunisingizia. Alisoma nilichotaka kisomwe, na aibu ikakupata wewe huko Igawa. Nisamehe sana, baba. Nimemwambia na mwalimu. Amenipa adhabu ya kupalilia bustani wiki nzima, ingawa nilimwona akijizuia kucheka.

Mzee Nashoni ndiye anayekuletea barua hii, na fomu imo ndani. Ameapa hataondoka hapo nyumbani mpaka uisaini. Usimsikilize. Ningeweza kuiacha ile aya ya juu ninayokiri kosa, ukasaini bila wasiwasi, lakini nataka usaini ukimjua vizuri mtoto unayemruhusu. Ukikataa, sitanuna, nitalia kidogo tu kisha nitaendelea kupalilia. Ukikubali, basi letu litapita Igawa Ijumaa ya tarehe 22 asubuhi, na mimi nitakaa dirishani, nikipunga mikono yote miwili mbele ya shule nzima.

Mpe mama pole na salamu zangu nyingi. Wadogo zangu waambie kuna mnyama anaishi vizuri tu bila ubongo, kwa hiyo hesabu zisiwatishe. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mbuke