Tuta Letu la Rangi

Shoga, nusura nimgonge mama mkwe!

Nusura nimgonge, unasikia?

Pale pale kwenye tuta letu la uongo, lile tulilochora kwa rangi mimi na wewe ili madereva wapunguze mwendo. Na kweli wanapunguza, wote! Mimi sikupunguza. Nipunguze ili iweje, wakati najua ni rangi tu?

Kumbe mama anavuka, wala hageuzi shingo. Nimekanyaga breki, bampa ikagusa gauni lake. Gauni, shoga!

Hakufoka hata kidogo. Aliinama dirishani akaniuliza taratibu: "Mwanangu, si wewe uliyeniambia nivukie hapa?"

Yeye ameshaingia ndani. Mimi bado niko garini, nimekupigia wewe kwanza.