Joho la Baba Jabalini

Matrah, Disemba 1970

Dada yangu Masouda,

Salamu zako za Unguja zimetufika. Mimi na Mama huku Uarabuni wazima, ila mimi situlii. Barua hii nnaiandika mara nimekaa, mara nimesimama.

Waingereza wa ofisini kwetu wametuzushia mashindano ya kupanda jabali kwa mavazi ya kuchekesha. Bwana mkubwa kajifunga mkia wa simba, karani wa Kihindi kajipamba kama bibi harusi. Mimi nikalitoa kabatini joho la Baba, lile Mama analolifukiza udi kila Ijumaa. Sikumwambia. Nikashinda, wakanipa kopo la biskuti.

Nikateremka kwa njia ya nyuma, inayotokea nyumbani. Mama aliliona joho kwa mbali, akatoka mbio pekupeku juu ya mawe, analia na kucheka, analiita jina la Baba: "Nasor! Nilisema mimi, yu hai!"

Nilisimama palepale, Masouda. Nilitamani kurudi juu.

Tangu walipomchukua Baba kwenye mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne hatujakuuliza, wewe uliyebaki huko. Sasa nakuuliza: Baba kazikwa wapi? Nijibu kwa anwani ya ofisini. Joho nimelirudisha kabatini, na Mama ameanza kuweka sahani ya tatu.

Nduguyo,
Mahfoudh