Sketi ya Sifa ya Lubarika

Jumanne.

Na mimi ndiye niliyemwambia prefe, mkuu wa shule yetu hapa Lubarika, kwamba wasichana wa ushonaji hawana haja ya hesabu za chuo kikuu!

Leo, katika somo langu la hesabu, nilichora sketi ya duara ubaoni, nikatafuta nusu-kipenyo cha kiuno, nikapata bila kosa. Sifa, msichana wa ushonaji mwenye hamu ya kusomea uhandisi, akanyoosha mkono.

"Hesabu iko muzuri, Prof, lakini sketi itateleza. Sindano inapita kwenye kitambaa sentimita moja kutoka ukingo wa tundu, kiuno kinapanuka sentimita sita."

Nilikasirika. Akashona sketi mbili, moja kwa hesabu yangu, nyingine akipunguza nusu-kipenyo kwa sentimita moja, akazivaa kwa zamu. Yake ikakaa. Yangu ikashuka hadi nyonga, darasa likacheka.

Nimewakatisha tamaa wangapi kabla yake?

Miaka yote hii nafundisha duara, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atalivaa.